Ukuta Aliouegemea Mama

Sehemu ya tisa

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Mzee Elimringi huchukua kitambaa cha njano na kufuta picha ya marehemu mkewe iliyotundikwa juu ya televisheni. Hufuta kioo kwanza, kisha fremu, kulia kwenda kushoto, kama alivyofuta ubao kwa miaka thelathini na minne ya kufundisha hesabu. Akimaliza huiambia picha, "Tumeamka," ndipo huketi.

Alhamisi hii alifika kona ya chini, na kidole gumba kikazama ndani ya mbao.

Hapo ndipo mlipomwacha wiki iliyopita, amesimama sebuleni kwake Lemara na kidole ndani ya fremu. Bado amesimama.

"Tekla," aliita, wala hakupaza sauti. "Njoo uone."

Binti yake alitoka jikoni na chupa ya chai mkononi. Mzee alichomoa kidole, fremu ikamfuata, kioo kikateleza. Tekla alikidaka kwa khanga kabla hakijafika sakafuni.

Nyuma ya picha, kijia cha udongo chenye unene wa penseli kilipanda ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Kilikuwa kimevunjika katikati. Mchwa weupe walikimbia huku na huko kama watoto wa chekechea waliosikia kengele.

Na picha walikuwa wameianza kutoka chini. Mikono ya Mama haikuwepo tena, wala khanga aliyojifunga siku ile. Uso tu ndio ulibaki, unatabasamu juu ya karatasi iliyojaa matundu.

Mzee aligonga fremu ya mlango wa chumbani kwa kifundo cha kidole. Ililia kama debe tupu. Akagonga ya mlango wa jikoni. Ikalia vile vile.

"Lemburis aliniambia nini kuhusu nyumba hii?"

"Alisema ameizungushia dawa yote, baba."

"Yote. Nilimuuliza mara mbili, akasema yote." Alikunja kitambaa cha njano mara nne na kukiweka mezani. "Mwite."

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo: Lemburis ni seremala wa Kisongo aliyetengeneza milango, fremu na dari ya nyumba hiyo. Ndiye pia ambaye wazee wake walikuwa wanakuja Lemara Jumamosi kumposa Tekla. Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Tekla alipiga simu akiwa uani. Lemburis aliitikia kwa sauti ya mtu anayehesabu siku, nyuma yake randa ikisikika. Akauliza mbona ananong'ona.

"Mchwa," alisema Tekla.

"Upande gani?"

Tekla alitazama chini. "Njoo tu," alisema, akakata.

Kisha alifanya jambo ambalo baba yake hakuliona. Aliingia stoo, akasogeza magunia ya pumba za kuku, akainama. Jerikeni ya bluu ilikuwa pale pale. Ya lita tano, imejaa, mdomo umefungwa nailoni na mpira mwekundu, kama Lemburis alivyomkabidhi miaka miwili iliyopita.

Msomaji, usimhukumu kwanza. Ngoja usikie.

Ilikuwa Julai, ile Julai ya Arusha ambayo Mlima Meru hauonekani kwa wiki nzima na watu wanavaa makoti mpaka saa sita. Mama Tekla alikuwa anaumwa kifua. Ukuta wa nyuma wa nyumba ndio unaopata jua la asubuhi, kwa hiyo kila siku Tekla alimtandikia mkeka pale, akamwekea mto, na Mama akakaa ameegemea ukuta akichambua maharage kidogo kidogo, kwa sababu hakujua kukaa bure.

Wiki hiyo Lemburis alikuja kukinga nyumba dhidi ya mchwa. Alichimba mtaro mdogo kuizunguka yote. Akamwaga dawa pande tatu, akafukia, akatandaza moramu, changarawe nyekundu, juu yake ili mtu yeyote ajue hapa hapachimbwi. Alipofika nyuma alimkuta Mama kwenye mkeka, akashusha ndoo. Harufu ile haifai kwa mtu mwenye kifua, alisema. Akamwachia Tekla jerikeni moja: siku Mama akienda hospitali, amwage hapa, aweke moramu, kazi imekwisha.

Mama alikwenda hospitali wiki ya tatu. Hakurudi.

Ukutani, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, palibaki doa la mafuta ya nywele zake.

Mara mbili Tekla aliichukua ile jerikeni mpaka pale. Mara mbili aliliona lile doa, akarudi nayo. Mwishoni aliufukia mtaro kwa mikono, hivyo hivyo, mkavu. Kutoka Machame, kwenye kihamba, shamba la ukoo walikomzika Mama, alileta chipukizi la mgomba wake na kulipanda pale. Akalifunika kwa maranda yarutubishe udongo, gunia baada ya gunia, mpaka yakafika ukutani. Maranda yenyewe yalitoka kwenye karakana ya Lemburis.

Siku moja Lemburis alimpigia kuuliza kama ule upande wa nyuma ulimalizika.

"Nilimwaga," alisema Tekla.

Neno moja tu, lililosemwa kwa sababu la kweli lingemfanya alie kwenye simu. Na kwa neno hilo, Lemburis alikwenda kumwambia Mzee Elimringi kwamba nyumba yote imezungushiwa dawa.

Sasa Tekla alikuwa amechuchumaa stoo, vidole vimeshika ule mpira mwekundu. Akiimwaga leo, haraka, nani atajua? Jerikeni tupu haina la kusema.

Mpira ulishaanza kuvutika.

"Hodi humu. Nasikia mmepata wageni kabla ya wageni wetu."

Ilikuwa sauti ya Shangazi Agnela, dada wa Mzee, muuza ndizi wa soko la Kilombero, aliyekuja na mikungu miwili kwa ajili ya Jumamosi. Tekla alirudisha magunia na kutoka akipangusa mikono. Shangazi alikuwa ameshaingia sebuleni, ameshika kiuno, anatazama ukuta kutoka chini mpaka juu.

"Hawa wakwe gani," alisema. "Hawajaleta hata debe la pombe ya mbege, na wameshakula milango. Tekla, hawa wa Kisongo nao wanakula hivi?"

Mzee hakucheka. Shangazi alipoiona picha mezani, naye akaacha.

Pikipiki ya Lemburis iliingia baada ya nusu saa. Alivua kofia, akamwamkia Mzee, kisha akainamisha kichwa mbele yake kama vijana wa Kiarusha wanavyowasalimu wazee. Mzee Elimringi, Mchaga wa Machame, alikuwa amejifunza desturi hiyo kwa vicheko. Siku hizi alikuwa akimgusa kichwani na kumwitikia kwa Kimaa kibovu kinachowachekesha wote.

Leo aliweka mikono mfukoni.

"Marahaba," alisema. "Fanya kazi yako."

Kichwa cha Lemburis kilibaki kimeinama kidogo zaidi ya ilivyostahili. Kisha akakiinua, akachukua bisibisi.

Alifanya kazi kwa masikio. Aligonga mbao kwa mpini wa bisibisi, kila shubiri, ameegesha shavu karibu kama daktari. Ukuta wa mbele, mzima. Wa kulia, mzima. Wa kushoto, mzima. Nje, alitafuta moramu yake kwa ncha ya kiatu na kuikuta, nyekundu, imetulia. Mzee alimfuata hatua kwa hatua. Tekla aliwafuata wote wawili.

Walizunguka kona.

Mgomba wa Mama ulikuwa mrefu kuliko dirisha, majani yake yakisugua ukuta. Lemburis alipiga goti, akafukua maranda kwa mkono. Chini yake yalikuwa na unyevu na yamejaa mchwa. Kutoka pale kijia cha udongo kilipanda ukutani, kikapita kando ya doa lile, kikaingia kwenye ufa chini ya dirisha.

Alichomeka bisibisi ardhini. Ilizama mpaka kwenye mpini. Udongo laini mtupu, wala punje ya moramu haikuwepo.

Lemburis hakuwatazama mchwa tena. Aligeuza shingo polepole, akamtazama Tekla.

Tekla alijua kwamba amejua.

"Pande tatu zina moramu," Mzee alisema nyuma yao. "Huu hauna. Nyumba ina pande ngapi, Lemburis?"

"Nne, baba."

"Na wewe uliniambia umezunguka ngapi?"

Kuku alipita kati yao akidonoa mchwa. Tekla alifungua mdomo. Akaufumba. Alifikiria watoto wa chekechea anaowafundisha, jinsi anavyowasimamisha mbele ya darasa na kuwaambia aliyemwaga uji aseme tu, hapigwi mtu. Husema. Watoto wa miaka minne husema.

"Kosa ni langu," alisema Lemburis.

Shangazi Agnela, aliyekuwa amechungulia dirishani, alirudisha kichwa ndani.

"Ulinidanganya," alisema Mzee.

Lemburis hakukubali wala hakukataa. Alirudia tu kwamba kosa ni lake, na kwamba angerudi leo leo na dawa na bomba, atoboe sakafu, akinge upande wote, abadilishe kila fremu iliyoliwa.

"Mtu aliyenidanganya kwenye mbao atanidanganya kwenye binti," alisema Mzee Elimringi. "Jumamosi wazee wako wasije."

Lemburis aliinama, akang'oa nyasi mbichi pembeni ya banda la kuku, akazinyoosha mbele kwa mikono miwili. Kwao, mtu mwenye nyasi mkononi ameomba amani, hata adui humsikiliza.

Mzee alizitazama. "Nyasi wapelekee ng'ombe," alisema, akaingia ndani.

"Elimringi," sauti ya Shangazi ilisikika jikoni. "Hapo umepita kiasi. Hapo umepita kabisa."

Lemburis aliziweka nyasi chini taratibu, kama kitu kinachovunjika, akaenda kwenye pikipiki yake. Tekla alimkimbilia getini. Alimuuliza kwa nini amesema vile.

"Ningesema nini? Kwamba bintiye mwongo?"

"Ungesema ukweli."

"Ukweli ni wako, Tekla. Mimi nikiusema nitakuwa nimekuchongea." Alivaa kofia, akaivua tena. "Siku uliponiambia umemwaga nilifurahi. Si kwa ajili ya nyumba. Nilidhani moyo wako umeanza kupoa, umeweza kupita pale. Kumbe ulikuwa hujapita hata hatua moja, na mimi sikuja kuangalia. Kwa hiyo niliposema kosa ni langu sikumdanganya baba yako. Kosa langu lipo."

Alimwambia kitu kingine. Mzee Lemomo, baba yake, lazima aambiwe leo. Na wazee wa kwao wakishazuiwa njiani mara moja, hawaji mara ya pili.

Pikipiki iliondoka. Tekla alibaki getini na vumbi lake.

Pande zote mbili za geti, Mama alikuwa amepanda masale. Mchaga hawezi kuishi bila masale, alikuwa akisema, hata akihamia mjini. Hayo ndiyo hupandwa mpakani, hayo ndiyo hupandwa makaburini. Na mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani moja la sale, hulifunga fundo, hulipeleka. Halisemi kitu, lakini aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

Tekla aliwaza kwamba kama mdomo umeshindwa, jani litaweza.

Alichuma moja refu. Alilifunga fundo mara tatu kabla halijakaa. Akaingia sebuleni. Baba yake alikuwa ameketi mbele ya picha iliyoliwa, anajaribu kuiunganisha karatasi kwa ncha za vidole. Tekla aliliweka lile jani juu ya meza, kando ya kitambaa cha njano, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri.

Shangazi Agnela alizima jiko.

Mzee aliligeukia jani. Alilisogeza kidogo kwa kidole, likae sawa na ukingo wa meza. Hesabu haikumwacha hata hapo.

"Kwa hiyo umemfundisha desturi zetu," alisema hatimaye.

Tekla hakuelewa.

"Nyasi zake nimezikataa, basi ameomba uniletee sale." Mzee alivuta pumzi. "Amenishinda. Sale halikataliwi. Agnela, mpigie huyo kijana. Mwambie arudi, nimemsamehe. Wazee wake waje Jumamosi kama tulivyopanga."

Msomaji, ona jinsi mlango ulivyofunguka peke yake. Hakuna aliyemuuliza Tekla lolote. Jerikeni ingebaki nyuma ya pumba mpaka siku ya kuitupa. Posa ingekuja, ndizi zingepikwa, mgomba ungekatwa, na mchwa wangebaki hadithi ya kuchekea.

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndicho kitu alichokijua kuliko vyote.

Shangazi alikuwa ameshapiga. Lemburis hakuwa amefika hata lami. Alirudi, akasimama mlangoni bila kuingia, simu mkononi. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ameshamwambia baba yake. Mzee Lemomo amekasirika, lakini amekubali kupiga tena mara moja tu kabla ya adhuhuri, apate neno la mwisho kutoka kwa Mzee Elimringi: waje au wasije. Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi kabla ya saa sita.

"Watakuja," alisema Mzee, akainuka. "Ingia. Wewe ulinidanganya, na mimi uongo wako nimeusamehe. Hatutauzungumza tena, isipokuwa siku za sherehe. Siku za sherehe nitawahadithia watu."

Alijaribu kutabasamu. Shangazi alicheka kidogo kumsaidia.

Lemburis alitembea mpaka katikati ya chumba, akainamisha kichwa.

Tekla aliiona shingo yake, kola ya shati yenye unga wa mbao. Aliona jinsi itakavyokuwa. Kila Krismasi, kila ubatizo, mbele ya wakwe na watoto wao, mtu huyu angeitwa mwongo aliyesamehewa, na angeinamisha kichwa namna hii hii, na yeye angekuwa pale na sahani ya ndizi, amenyamaza. Miaka yote.

Mkono wa baba yake ulitoka mfukoni. Uliinuka kwenda kwenye kile kichwa.

"Baba, usimguse."

Mkono ulisimama hewani.

"Hilo jani si lake," alisema Tekla. "Ni langu."

Alilia, lakini safari hii kulia hakukumzuia kusema. Alisema upande wa nyuma aliachiwa yeye. Kwamba alimwambia Lemburis amemwaga na hakumwaga. Kwamba mtaro aliufukia mtupu, mgomba akaupanda yeye, na maranda akayarundika yeye. Mchwa wamepita kwenye mlango aliowafungulia kwa mikono yake, wakaenda moja kwa moja kwenye picha ya Mama.

"Sikuweza kumwaga sumu mahali alipokuwa anakaa. Niliona kama namwagia yeye. Lemburis hakukudanganya, baba. Alikupa neno langu, na neno langu lilikuwa limeoza. Jerikeni ipo mpaka leo. Imejaa."

Alisubiri kupigwa na maneno. Hayakuja.

Baba yake alikuwa amegeukia dirishani. Kutoka pale huonekana jani moja la ule mgomba, linapungia kioo.

"Ina mpira mwekundu," alisema Mzee Elimringi. "Nyuma ya magunia ya pumba."

Shangazi Agnela alikaa chini.

Tekla alikuwa hajasema iko wapi.

Mzee aliwaeleza. Aliiona wiki ile ile waliyotoka kuzika, alipoingia stoo kutafuta jembe. Alifahamu papo hapo kwamba dawa ya nyuma haikumwagwa, mtu wa hesabu hahitaji kuambiwa mara mbili. Akaibeba akamalizie mwenyewe. Akafika nyuma, akaliona lile doa ukutani, akairudisha. Akaenda tena mwezi uliofuata. Na tena. Hata mgomba, siku ambazo Tekla yuko shuleni, ni yeye aliyekuwa akiumwagilia maji.

"Kwa hiyo mlijua wote wawili," alisema Shangazi polepole. "Humu ndani, watu wawili wazima. Mkamwachia mtoto wa watu abebe."

Lemburis alikuwa ameinua kichwa. Usoni pake hapakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi kulitazama.

"Basi kwa nini, baba?" Tekla aliuliza. "Kama ulijua hakukudanganya, kwa nini ulimuuliza mbele yetu nyumba ina pande ngapi? Kwa nini ukazikataa nyasi zake? Kwa nini ukamfukuza?"

Simu ya Lemburis iliita.

Aliitazama. "Ni baba yangu," alisema.

Iliita mara ya pili. Mzee Elimringi alikwenda mezani, akachukua lile jani la sale. Juu ya fundo la Tekla akafunga fundo la pili, la kwake. Akaliweka kwenye kiganja cha Lemburis, akakifumba kile kiganja kwa mikono yake miwili. Kisha akanyoosha mkono kuomba simu.

Lemburis akampa.

Simu iliendelea kuita kwenye mkono wa Mzee. Hakuipokea. Aliutazama uso wa mkewe mezani, uliobaki peke yake bila mikono.

"Si mchwa," alisema. "Mchwa nilikuwa nawangojea. Nilikuwa natafuta sababu, nao wakaniletea." Alimgeukia binti yake. "Sitaki uondoke, Tekla. Ukienda Kisongo, mama, asubuhi nikifuta picha nitasema tumeamka. Tumeamka mimi na nani?"